Mshale ukisema sifuri: kuirekebisha mashine ya kukatia pembe

Mashine yangu ya kukatia mbao kwa pembe, ule msumeno wa umeme unaoshushwa juu ya ubao, niliinunua mtumba, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ikiwa imetoka Uingereza. Bledi yake ni ya mm 255, kichwa kinazunguka kushoto na kulia, na kinaweza kulala upande mmoja. Bei ilinifurahisha mpaka nilipoangalia plagi. Ilikuwa ile ya njano, ya umeme wa volti 110, ambayo huko kwao hutumika kwenye maeneo ya ujenzi. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo nikalazimika kutafuta transfoma kubwa, nayo ikala karibu nusu ya bei ya mashine yenyewe. Anayekwenda kununua mtumba aangalie plagi na kibao cha maelezo kabla hajaanza kupatana.

Karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam. Kabla ya mashine hii nilikuwa nakata kwa msumeno wa mkono, kisha nasawazisha ncha kwa randa na guni, yaani kile kipimo cha pembe mraba. Kazi za milango ya kabati nilizifunga kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya kipande kimoja inachongwa iingie kwenye tundu la kingine, na ulimi una rehema: hata kama ncha ina kasoro ndogo, bega la ulimi unalirekebisha kwa patasi mpaka likae. Nilipopata mashine nikahamia kwenye vijiti, yaani kutoboa matundu, kupaka gundi na kubana kwa klampu, kwa sababu ni haraka. Ila vijiti havisamehe. Ncha ya kipande ndiyo inayoamua kila kitu, na ncha hiyo imekatwa na mashine.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa kabati la nguo la mninga, milango minne, kila mmoja una urefu wa mm 1800. Mshale wa mashine unaoonyesha pembe ulikuwa kwenye sifuri, yaani kata ya digrii tisini, kichwa kimenasa sawasawa kwenye kituo chake, ile nafasi inayokishikilia. Gundi ilipokauka, milango miwili ilikuwa imeegemea upande, na mmoja ukiulaza mezani kona yake inabaki juu. Mama mwenye kazi alikuja kuangalia, akasimama mbele ya kabati kimya, halafu akauliza kwa upole: “Fundi, hii milango itafunga kweli?” Haikufunga. Mninga wa milango hiyo nililipa mimi, na siku za kuirudia nilizilipa mimi, maana mteja hawezi kulipia ubao mara mbili. Iliniuma, hasa kwa sababu sikuwa najua kosa limetoka wapi. Niliwahi hata kuulaumu mninga.

Baadaye nilielewa kwamba ile milango ilikuwa imeshaniambia kila kitu, ni mimi tu nilikuwa sijajua kuisoma. Makosa ya mashine hii ni mawili na kila moja lina dalili yake. La kwanza, ukiitazama mashine kutoka juu, bledi haijasimama mraba na fensi, yaani ule ukuta wa nyuma ambao ubao unaegemea. Hilo ndilo linaloegemeza mlango. La pili, ukiitazama kutoka mbele, bledi imelala kidogo, haijasimama wima juu ya meza. Hilo linaupinda mlango, na ndiyo maana kona haikubali kulala. Nataka mtu alishike hili, kwa sababu nimeona mafundi wakihangaika na fensi wakati ugonjwa uko kwenye kulala kwa kichwa.

Kiasi cha kosa nacho kinadanganya macho. Digrii moja kwenye kipande chenye upana wa mm 100 ni tofauti ya mm 1.75 tu, ukiiona unasema gundi itaziba. Lakini kipande hicho kifupi ndicho kinachoiongoza miimo mirefu ya mlango, yaani mbao zinazosimama pembeni. Robo tu ya digrii, ukiifuata kwenye mwimo wa mm 1800, inakupeleka nje karibu mm 8. Hapo hakuna bawaba itakayokuokoa.

Nilichofanya kwanza ni kuchukua guni yangu, kuiweka kwenye fensi, kulegeza boliti na kurekebisha mpaka bledi ikagusa guni bila mwanga kupita. Nikakata. Bado kazi ikawa imeegemea, safari hii upande wa pili.

Jirani yangu wa karakana ni mzee aliyefanya useremala tangu kabla sijazaliwa. Nilikwenda kwake na vipande mkononi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mashine imekushinda?”

Nikamweleza. Hakuja kuiangalia mashine. Aliniambia nilete guni.

Alichukua kipande cha MDF, ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ambacho ukingo wake ulitoka kiwandani ukiwa umenyooka, akaegemeza guni hapo, akachora mstari kwa ncha ya kisu. Kisha akaigeuza guni iangalie upande wa pili, akaisogeza mpaka kwenye mwanzo wa mstari uleule, akachora tena. Mistari ilianza pamoja chini, na ilipofika juu ilikuwa imeachana, unaona kwa jicho bila kuinama. “Umeipima mashine kwa kitu ambacho hakijapimwa,” akasema, akanirudishia guni.

Nafasi inayoonekana kati ya mistari hiyo ni kosa la guni mara mbili, kwa hiyo hata kosa dogo linajitokeza. Tangu siku ile guni yoyote inayoingia karakanani kwangu inapita kwenye kipimo hicho kabla haijagusa mbao. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya bei rahisi, mpini wa plastiki, na nadhani iliwahi kuanguka. Nilinunua nyingine ya chuma kitupu, nikaipima palepale dukani juu ya kipande cha plaiwudi, mwenye duka akiniangalia kwa mashaka. Msione aibu kufanya hivyo. Pesa ni yenu.

Baada ya hapo ndipo kazi ya mashine ilipoanza vizuri, na nitaieleza kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio una maana. Ukirekebisha kitu cha mwisho kwanza, kitu cha kwanza kitakuja kukiharibu.

Chomoa plagi. Siyo kuzima swichi, chomoa. Vidole vyako vitakuwa kwenye meno ya bledi muda wote.

Halafu safisha. Nilipofungua bledi nilikuta kwenye visahani viwili vinavyoibana kumeganda utomvu na unga wa mbao. Uchafu mwembamba kiasi hicho, ukiwa karibu na ekseli, unaifanya bledi iyumbe huko nje kwenye meno, na bledi inayoyumba haina tisini ya kupimwa. Futa kwa mafuta ya taa, kausha, rudisha. Angalia pia tundu la bledi. Bledi nyingi za Ulaya zina tundu la mm 30, na kuna mashine zenye ekseli ya mm 25.4 au chini ya hapo, hivyo mtu huweka pete ya kupunguzia. Pete isipokaa sawasawa, bledi inakaa kombo kuanzia siku ya kwanza.

Kinachofuata ni fensi yenyewe. Kwenye mashine nyingi ina mabawa mawili, moja kila upande wa bledi, na watu hudhani tayari yako kwenye mstari mmoja. Laza rula ndefu ya chuma, au ukingo wa pima maji ulionyooka, kutoka bawa hadi bawa. Ya kwangu ilikuwa na mwanga upande wa kulia. Maana yake ubao nikiuegemeza kushoto napata pembe moja, nikiuegemeza kulia napata nyingine. Mabawa mengine ni kipande kimoja cha alumini ya kumimina na yamepinda baada ya mashine kuanguka. Hayo hayanyooshwi kwa nyundo, yatavunjika. Unaweza kubandika juu yake ubao wa plaiwudi au MDF ulionyooka, ukaufunga kwa skrubu kutoka nyuma na kuweka vipande vya karatasi pale palipozama. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa karibu mm 0.1, kwa hiyo ni kipimo kizuri na hakina gharama. Ndivyo nilivyofanya, na mpaka leo ubao huo upo.

Ndipo unakuja kwenye bledi na fensi. Shusha kichwa, kifunge chini. Weka guni, mkono mmoja kwenye fensi na mwingine ubavuni mwa bledi. Hapa kuna mtego: guni iguse bati la bledi, isiguse jino hata kidogo. Meno ya bledi ya kisasa ni mapana kuliko bati, na yamechongwa kwa kupishana, hivyo guni ikiegemea jino inakupa pembe ya jino. Izungushe bledi kwa mkono mpaka guni iingie katikati ya meno mawili. Kisha legeza. Kwenye mashine nyingine unalegeza boliti za fensi. Kwenye nyingine fensi haiguswi, unalegeza skrubu za lile bamba lenye vituo, lililo chini ya mshale. Tazama ya kwako imejengwaje kabla ya kufungua chochote. Kwenye fensi, legeza boliti zote isipokuwa moja, igonge polepole kwa nyundo ya mpira, kisha kaza kwa kupokezana. Pima tena baada ya kukaza, kwa sababu kukaza kwenyewe kunaisogeza. Hiki ndicho kipande kinachochosha kuliko vyote, unakaza, inahama, unalegeza. Nililala na hasira siku hiyo. Kesho yake asubuhi, akili ikiwa imetulia, ikakubali.

Guni inakufikisha karibu. Kinachothibitisha ni ubao. Tafuta ubao mpana kadiri mashine inavyoweza kukata, kingo zake zote mbili ziwe zimenyooka na ziko sambamba. MDF inafaa sana. Ukate katikati. Chukua nusu moja uipindue uso chini, nyingine iache ilivyo, kisha zikutanishe ncha zilizokatwa huku zote zikiegemea kitu kilichonyooka. Kama mashine iko tisini, ncha zinafungana, karatasi haipiti. Kama kuna mwanya wenye umbo la kabari, huo ni kosa mara mbili, sawa na ile mistari ya mzee. Kwenye ubao wa mm 200, mwanya wa mm 1 maana yake kosa lako ni nusu milimita, yaani takriban sehemu ya saba ya digrii moja. Hakuna guni ya mtaani itakayokuonyesha hicho. Unasogeza kidogo, unakata tena, unapindua tena. Ubao mmoja unatosha, kila mara unakata kipande chembamba.

Wapo wanaotumia mbao iliyopasuliwa kwa chensoo kwa jaribio hili, ambayo haijapigwa randa, halafu wanasema mashine mbovu. Ukingo wenye mawimbi unakaa kwenye fensi kivyake kila ukiuweka. Hilo ni la jaribio na ni la kazi pia: ukingo unaoegemea fensi unyooshwe kwanza, au usitarajie ncha mbili zinazofanana.

Kulala kwa kichwa kunarekebishwa baada ya hapo. Guni isimame juu ya meza, mkono wake ukigusa bati la bledi, tena katikati ya meno. Nyuma ya mashine kuna boliti yenye nati inayozuia kichwa kisipite wima. Legeza kishikio cha kufunga kichwa, legeza nati, zungusha boliti kidogo sana, kisha funga kishikio na upime huku kimefungwa. Kufunga kishikio nako kunakivuta kichwa. Jaribio lake ni lilelile la kupindua, ila tumia mbao nene, mm 70 hivi ikiwezekana, na utazame mwanya kati ya juu na chini ya ncha badala ya kushoto na kulia. Ndiyo maana nasema pembe ya fensi iwe imekwisha kwanza. Bila hivyo makosa mawili yanachanganyika kwenye ncha moja na huwezi kujua unarekebisha lipi.

Mshale unasogezwa mwisho kabisa. Umefungwa kwa skrubu moja ndogo na hauna habari yoyote na bledi. Ukishapata tisini kwenye mbao, ulegeze, uuweke kwenye sifuri, ukaze.

Nilipofika hapo nilikuwa nimepata mashine iliyo sawa, na bado vipande vingine vikatoka vibaya. Hii ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyenieleza, nami nataka kuieleza kwa kirefu.

Bledi iliyokuja na mashine ilikuwa ya meno 24, nyembamba, na butu. Kwenye paini haikuwa na shida. Kwenye mninga mkavu ilikuwa inapinda ikiingia, hasa pale nyuzi za mbao zinapoenda mshazari, na kata ikatoka na tumbo. Nilinunua ya meno 60, bati nene zaidi. Bei yake ilinifanya nirudi nyumbani kwanza kufikiri, lakini ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye mashine hii. Kama bajeti yako ni moja, nunua mashine ya bei ya chini kidogo na bledi nzuri.

Umeme nao. Nilikuwa navuta kwa waya mrefu mwembamba kutoka kwa jirani, na jioni umeme ukipungua bledi inapoteza kasi ndani ya mbao. Bledi inayosinzia inatafuta njia rahisi, na njia rahisi haijanyooka. Nilibadilisha waya nikaweka mnene na mfupi. Jioni umeme ukiwa dhaifu nafanya kazi ya kupiga msasa.

Halafu mkono. Kichwa cha mashine kina bawaba, na bawaba yoyote ina uchezaji wake. Mtu anayesimama upande mmoja akivuta kishikio anakivuta kuelekea kwake, na bledi inafuata. Simama ili mkono ushuke wima. Acha bledi ifikie kasi yake kabla ya kugusa mbao, ishushe bila pupa, na ukimaliza achia swichi na usubiri isimame chini kabisa ndipo uinue. Ukiinua ikiwa bado inazunguka, meno ya nyuma yanalamba ncha uliyoikata, au yanakirusha kile kipande kidogo. Kipande kilichowahi kurushwa kwangu kilipita karibu na jicho la kijana ninayemfundisha kazi. Sasa miwani haivuliwi, na mikono inakaa mbali na bledi, kiganja kizima na zaidi. Kipande kifupi kinabanwa kwa klampu, hakishikwi.

Ubao mrefu usiachwe unaning'inia. Uzito wake ukishuka nje, ndani kwenye bledi unainuka mezani, na kata inatoka imelala hata kama kichwa kimesimama wima. Nilitengeneza stendi mbili za mbao zenye kimo sawa na meza ya mashine. Ubao uliojikunja, ule mgongo uliobenuka ndio uguse fensi. Ukiweka upande uliobonyea, ubao hauna egemeo pale kwenye bledi, na mara kata inapoachia unaibana bledi. Na kila baada ya kata chache pitisha brashi kwenye kona ya fensi na meza. Unga unaojaa hapo ni mdogo, lakini unasukuma ubao mbele, na kipimo ulichokitafuta siku nzima kinapotea bila wewe kugusa chochote.

Kazi za fremu za digrii 45 zilikuja baada ya haya, nazo ni kali zaidi. Fremu ina pembe nne, kila pembe kata mbili, jumla nane. Kosa la digrii 0.2 kwa kila kata likijumlishwa ni digrii 1.6 kwenye kona ya mwisho, na kwa mbao ya upana wa mm 60 huo ni mwanya wa zaidi ya mm 2 unaokutazama. Usiende kurekebisha 45 peke yake. Vituo vyote vimechongwa kwenye bamba moja, kwa hiyo tisini ikiwa kweli, 45 nayo huwa karibu sana. Kata vipande viwili, vikutanishe, weka guni ndani ya kona. Ukikuta bado kuna kosa dogo, weka karatasi kati ya ubao na fensi, karibu au mbali na bledi kulingana na upande wa mwanya, badala ya kufungua boliti zilizokwisha kukubali.

Mashine ikibebwa kwa bajaji kwenda kwa mteja na kurudi, naichukulia kuwa imehama. Nina ubao wa MDF wa majaribio unaokaa karibu nayo. Kata moja, pindua, angalia, ndipo nianze kazi. Inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Kwa anayetaka kununua sasa hivi: kwenye mtumba, shika kichwa kikiwa juu na ukisukume kushoto na kulia. Kikicheza sana, bawaba imeliwa, na hakuna boliti ya kuirekebisha hiyo. Utapata tisini kwenye guni na usiipate kwenye mbao. Hata mpya kutoka kwenye boksi ipimwe hivyohivyo. Nimesaidia kuzirekebisha kadhaa za wenzangu hapa Keko zikiwa bado na harufu ya kiwandani, na nyingi zilihitaji kuguswa kidogo. Ya mzee jirani yangu pia, alipokubali hatimaye kununua. Aliipima guni yake kwanza.